Vällingby: Mji Uliojengwa Ili Mtu Asitoke

Upande wa magharibi wa Stockholm, mwendo usiotimia nusu saa kwa treni kutoka katikati ya mji mkuu huo wa Uswidi, upo mtaa uitwao Vällingby, ambao hata vita kuu ya pili ilipokwisha ulikuwa bado ni makonde na misitu, na ambao tarehe 14 Novemba 1954 ulifunguliwa rasmi mbele ya umati mkubwa wa watu, na baadaye wageni wa nchi za mbali wakawa wanamiminika kuutazama kama shani ya zama zao. Waliousanifu walikusudia jambo jepesi kulisema na zito kulitenda: kumkusanyia mtu mahali pamoja kazi yake, maskani yake, na kitovu chenye maduka, maktaba, senema, tabibu na nyumba ya ibada, ili haja zake zote ziwe karibu na mlango wake wala asiwe na dharura ya kwenda mbali. Kwa herufi za mwanzo za mambo hayo matatu katika lugha yao wakauita mji wa ABC. Nami nimeichagua tarikhi ya mji huu kwa sababu iliyo kinyume na nia ya waasisi wake. Kwani anayeisoma kwa makini ataona kuwa mengi yaliyo mema ndani yake yaliletwa na watu walioyapa kisogo mazoea yao, na kwamba hesabu ya kumtuliza mwanadamu mahali pamoja, ingawa ilipigwa na mabingwa, haikutimia.

Asili ya mambo yote ni dhiki. Katika miaka ya 1930 na 1940 watu walikuwa wakiacha mashamba na misitu ya nchi yao na kuja Stockholm kutafuta riziki, na mji huo, uliojengwa juu ya visiwa na miamba, haukuwa na wasaa wa kuwapokea. Baba na mama na watoto aghalabu waliishi katika chumba kimoja na jiko, choo kikiwa uani, na maji ya moto yakiwa anasa ya wenye nacho. Mwaka 1947 Baraza la Mji likaanzisha idara ya kugawa nyumba, na foleni ya waombaji ikawa ndefu mno. Heri moja waliyokuwa nayo ni kwamba watangulizi wao, tangu mwanzo wa karne, walikuwa wamenunua ardhi nyingi nje ya mji wakati ambapo thamani yake ilikuwa ndogo, hata haja ilipokuja ardhi ilikuwa tayari mkononi mwa umma, na mlanguzi hakuwa na pa kusimama kati ya mjenzi na mhitaji. Hekima hiyo ya kununua mapema naihesabu kuwa kubwa kuliko sanaa yote ya majengo yaliyofuata, na viongozi wa miji yetu ya pwani wangeitazama hiyo kwanza kabla ya kutazama minara.

Mitaa ya Vällingby ilipewa majina ya nchi za kaskazini: Jämtlandsgatan, Ångermannagatan, Pajalagatan, hii ya mwisho ikiwa ni kwa jina la Pajala, kijiji kilicho mbali kabisa, jirani na mpaka wa Finland, ambako katikati ya kiangazi jua halichwi usiku. Basi mtu aliyezaliwa huko aliweza kupanga fleti katika barabara yenye jina la kwao, bila ya kuwa na hata kimoja cha kwao. Si mto, si ng'ombe, si jirani aliyemjua babu yake. Huyo alikuwa amekwisha kutoka mara moja, kutoka shamba kwenda mjini, na sasa alitakiwa atoke mara ya pili, kutoka katika mji wa kale ambao alikwisha kuuzoea kwa taabu, kwenda katika mtaa ambao hata miti yake ya kivuli ilikuwa haijakua.

Aliyewatakia haya alikuwa Sven Markelius, mkuu wa mipango ya mji tangu 1944 hadi 1954, na ni haki kusema kuwa hakuwa mtu wa kuwaagiza wengine lile lililomshinda mwenyewe. Mwaka 1935, kwa shauri la Alva Myrdal, mwanamke ambaye baadaye alikuwa balozi na waziri, na ambaye mwaka 1982 alishiriki Tuzo ya Amani ya Nobel, Markelius alimaliza katika kisiwa cha Kungsholmen nyumba ya ushirika iliyokusudiwa kuwapunguzia mzigo wanawake walioajiriwa: jiko moja la chini lilipika chakula cha wapangaji wote, lifti ndogo zikakipandisha mpaka katika kila fleti, na watoto wakalelewa pamoja humo humo. Yeye mwenyewe akahamia humo na watu wa nyumbani mwake. Baada ya miaka kumi hivi akajijengea nyumba yake ya peke yake huko Kevinge, nje kidogo ya mji. Na ikiwa msomaji atacheka, na acheke, lakini akumbuke kuwa aliyekwisha kuijaribu njia anayo idhini ya kurudi. Hata alipopewa kusanifu ukumbi wa Baraza la Uchumi na Jamii katika makao ya Umoja wa Mataifa huko New York, ambao ulikuwa tayari mwaka 1952, aliyaacha mabomba ya dari wazi juu ya viti vya watazamaji, na watu mpaka leo huyafasiri kuwa ni ishara ya kazi isiyokwisha.

Kitovu cha Vällingby walikabidhiwa Sven Backström na Leif Reinius, wasanifu wawili waliofanya kazi pamoja tangu ujana wao, nao wakakiweka juu ya reli yenyewe, uwanja wake ukiwa umetandazwa mawe yaliyopangwa kwa duara kubwa kubwa, na motokaa zikiwekwa mbali na watembeao kwa miguu. Majumba marefu yalisimama karibu na stesheni, yakafuatiwa na ya ghorofa tatu, kisha, mwisho kabisa, vijumba vilivyoshikana vyenye vibustani. Hivyo walio wengi wakawa hatua chache tu kutoka katika treni. Kanisa la Mtakatifu Tomaso, kazi ya Peter Celsing, likaongezwa mwaka 1959, jengo la matofali lililo kimya kwa nje na lenye haiba kwa ndani.

Lakini ni treni hiyo iliyotoboa hesabu nzima. Ilifika kabla ya kitovu, tarehe 26 Oktoba 1952, ikitoka Hötorget katikati ya Stockholm, na kwa miaka mitano abiria wa magharibi aliishia hapo, mpaka tarehe 24 Novemba 1957 njia hiyo ilipounganishwa na zile za kusini katika stesheni kuu. Walioupanga mji walitumai kuwa nusu ya wenye kazi wangefanya kazi zao papo hapo Vällingby na katika mitaa ya jirani, na nusu nyingine ndiyo ingesafiri. Haikuwa hivyo, walio wengi walipanda treni kila asubuhi kwenda mjini, na wakati huo huo treni za upande wa pili zilileta watu wa kwingine kuja kuzishika kazi zilizokuwapo hapo, hata shirika la umeme la serikali, Vattenfall, lilipojenga makao yake makuu Råcksta, stesheni moja tu kabla ya Vällingby, katika miaka ya 1960. Wakosoaji waliliandika jambo hilo katika daftari la makosa. Mimi siliandiki humo. Mtu aliyepewa kazi hatua mia tano kutoka kitandani kwake, naye akachagua kusafiri nusu saa kwenda kwenye kazi aipendayo au itakayomwinua, hajauvunja mpango wa mtu. Ameonyesha kuwa nyumba njema ni mahali pa kuanzia safari, na kwamba aliyeupanga mji alimkadiria kwa kipimo cha mahitaji akasahau kipimo cha tamaa.

Wenye kuyaonja machungu ya kutulizwa mahali pamoja walikuwa akina mama. Katika miaka ya 1950 wengi wa wake wa Uswidi waliokuwa na watoto wadogo walibaki nyumbani, na fleti mpya iliwapa bafu, maji ya moto na jiko la umeme, mambo ambayo mama zao hawakuyaota. Lakini ndugu, na jirani wa miaka mingi, na muuza duka aliyekuwa akiwakopesha mpaka mwisho wa mwezi, wote hao waliachwa nyuma. Asubuhi waume walipokwisha kushuka kwenda stesheni, mtaa ulibaki wa wanawake, vigari vya watoto, na upepo. Raha ilikuwa kamili, na katika ukamilifu wake ikawa na upweke. Walioushinda upweke huo ni wale waliotoka: kwanza kwenda kugonga mlango wa mgeni mwenziwe, kisha katika vyama na madarasa ya jioni, ambayo Waswidi wanayapenda kuliko watu wengi niwajuao, na hatimaye, katika miaka ya 1960 na 1970, kwenda katika kazi za mshahara, hasa baada ya sheria ya 1971 iliyotenga kodi ya mke na ya mume na kuufanya mshahara wa mwanamke uwe na faida nyumbani mwake.

Miongoni mwa waliokaa katika vile vijumba vilivyoshikana alikuwamo Olof Palme, ambaye nyumba yake ilikuwa katika mtaa wa Lövångersgatan, na ambaye hata baada ya kuwa Waziri Mkuu mwaka 1969 aliendelea kukaa hapo kama mkaazi yeyote. Alizaliwa katika jamaa ya watu wenye nafasi, na angaliweza kuishi aushi yake yote katika raha aliyorithi. Lakini alipokuwa kijana alisoma Marekani, Ohio, akazunguka nchi hiyo kwa kudandia motokaa za watu, na mwaka 1953 akasafiri Asia, akaona ukoloni na ufukara kwa macho yake. Aliporudi hakuwa yule aliyeondoka, na urafiki wake na Mwalimu Nyerere, na utetezi wake wa Afrika ya Kusini iliyo huru, vina mizizi katika safari hizo.

Na urafiki ule haukuishia katika maneno. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Tanzania ilituma watu wake Uswidi kutazama vyuo vya wananchi wazima, ambavyo nchi ile imekuwa navyo tangu 1868, na kuanzia mwaka 1975 vikafunguliwa kwetu Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kwa msaada wa Waswidi lakini kwa mafundisho ya useremala, ushonaji na kilimo cha hapa. Nikiwaza habari hiyo huikumbuka Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka 1951, ambayo wajumbe wake waliotumwa pande sita walirudi na faida wakatiwa gerezani. Kumbe wako pia wajumbe waliorudi wakasikilizwa.

Msomaji wa Unguja atakuwa amekwisha kuiwaza Michenzani. Na afanye hivyo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ya Sheikh Abeid Amani Karume, kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, ilisimamisha katika Ng'ambo majumba marefu ya ghorofa yaliyopangwa kwa mistari miwili inayokatana, na watu wa nyumba za udongo na makuti wakapewa bomba, umeme na ngazi. Walichokiacha chini kilikuwa baraza, ambapo mtu huketi jioni akamjua kila apitaye. Na ghorofa ya tano haina baraza. Ila kuna tofauti ambayo si haki kuifumba. Mtu wa Stockholm alijiandikisha katika foleni, akangoja miaka, akaitwa, naye angaliweza kukataa. Mkaazi wa Ng'ambo aghalabu aliambiwa kuwa nyumba yake inabomolewa. Wote wawili walitoka katika mazoea, lakini mmoja alitoka na mwingine alitolewa, na wanaotuhubiria kila siku kuwa mtu hukua kwa kuacha alichokizoea wanazichanganya hali hizi mbili kama kwamba ni moja. Aliyetolewa naye hujifunza, hilo silikanushi. Lakini hulipa thamani ambayo hakuulizwa kama anayo.

Vällingby yenyewe imekwisha kuwa mazoea. Miti imekua; kitovu chake kimeandikwa katika orodha ya mahali panapohifadhiwa kwa ajili ya taifa; mwaka 2008 kikatengenezwa upya, likaongezwa na duka kubwa lililosanifiwa na Gert Wingårdh, si bila ya manung'uniko ya wazee waliokipenda kama kilivyokuwa. Hao ni wale wale, au watoto wa wale wale, waliowahi kufika pakiwa na tope na vumbi la ujenzi, na sasa hawataki hata kibao cha duka kibadilishwe. Vattenfall imekwisha kuhama Råcksta ikaenda Solna. Wapangaji wapya wamekuja kutoka kila upande wa dunia, na katika mitaa ya jirani, Rinkeby na Tensta, iliyojengwa katika ule mpango wa fleti milioni moja wa 1965 hadi 1974, wamo wengi waliotoka Pembe ya Afrika, ambao safari yao ni ndefu kuliko ya yule wa Pajala, na ambao wengi wao hawakuulizwa kama wanataka kusafiri.

Habari za waliohamia Vällingby zimeandikwa na kuhifadhiwa, pamoja na picha zao na ramani zao. Wa Michenzani waliopanda ngazi zile mara ya kwanza wangaliko baadhi yao, nao ni wazee. Nawasihi vijana wa Unguja wenye kalamu waende kwao mwaka huu, wawaulize walichokiacha na walichokipata, na wayaandike kwa maneno yao wenyewe.