Nani Aliwahesabu Watoto? Makuzi ya Watoto wa Bujumbura katika Miaka ya Vita



Kamati iliponiomba niandike habari ya historia kwa toleo hili la kumbukumbu, nilijua kwamba wenzangu wataandika juu ya marais, mikataba na njia tulizokimbilia. Mimi ni mwalimu, kwa hiyo nimechagua historia ya watoto wa mji wetu wa Bujumbura: ni nani aliwafundisha kuamini watu, ni nani aliwafundisha kuwaogopa, na baadhi yao walirudije kuwa watoto tena.

Chuo cha ualimu kilitupa makuzi ya mtoto katika vitabu vya Kifaransa. Tulikariri hatua za akili alizozieleza Piaget wa Uswisi, tukafanya mtihani, tukasahau. Jambo ambalo sikuambiwa, nikalikuta baadaye, ni kwamba sehemu kubwa ya elimu ya moyo wa mtoto ilianzia kwa majirani zetu. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Uganda na mumewe, akapata nafasi katika taasisi ya utafiti wa jamii pale Makerere. Alichagua familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, akawa anazitembelea tena na tena kwa miezi kadhaa, anakaa na akina mama na kutazama watoto wachanga. Aliona kwamba mtoto anayetambaa humwacha mama yake, huenda kugusa kitu, hugeuka kutazama kama mama bado yupo, kisha huenda mbali zaidi. Mwenye uhakika wa mama yake ndiye aliyethubutu kwenda mbali. Asiyekuwa na uhakika huo aling'ang'ania na kulia hata mama alipokuwapo. Aliona pia kwamba mtoto hashikamani na mama peke yake, bali na baba, bibi au ndugu mkubwa, mradi mtu huyo awepo na ajulikane. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967, na leo wataalamu wa dunia nzima wanajenga juu ya yale aliyoyaona kwa Waganda.

Nimeanza na habari hiyo kwa sababu inanisaidia kueleza Bujumbura.

Wabelgiji walipoutawala mji huo, ukiitwa Usumbura, waliwapangia Waafrika mitaa yao. Buyenzi ni mmojawapo, na Belge ni mwingine, ambao leo tunauita Bwiza. Humo walikaa Warundi, Wakongo, Wanyarwanda, Waswahili waliotoka pande za Kigoma na Ujiji, Waislamu na Wakristo, na lugha ya barabarani ikawa Kiswahili. Nimezaliwa Bwiza mwaka 1989. Jirani yetu alikuwa mama mmoja mzee muuza maandazi, nasi watoto tulimwita Bibi ingawa hakuwa na undugu nasi. Kila jioni, kabla ya adhana ya magharibi, alisimama mlangoni akatuhesabu kwa sauti, kila mtoto kwa jina la baba yake. Aliyekosekana alitafutwa. Sikujua wakati ule kwamba hayo yalikuwa malezi. Nilidhani anatusumbua.

Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, baada ya kukaa madarakani miezi 3 tu. Mauaji yakaenea nchini. Katika mji wetu yaliyofuata yalikuja polepole zaidi, nayo yaliharibu malezi kwa namna yake. Mwaka 1994 na 1995 mitaa ilitengwa mmoja mmoja. Kamenge na Kinama ikawa ya Wahutu, Ngagara, Nyakabiga, Musaga na Cibitoke ikawa ya Watutsi. Vijana walijiunga katika makundi, mengine yakijiita kwa Kifaransa Sans Echec, yaani Wasioshindwa. Walikuwa wanaufunga mji siku nzima, siku tulizoziita "vili morti", mji uliokufa. Wengi wao walikuwa wanafunzi wa sekondari. Mwezi Machi 1995 zamu ikafika Bwiza na Buyenzi, mitaa iliyokuwa bado imechanganyika, na maelfu ya watu wakavuka kwenda Uvira. Bibi alikuwa miongoni mwao. Mwezi Juni jeshi likaingia Kamenge na wakazi wake wakaukimbia.

Watu huhesabu maiti za miaka ile, na ni haki. Lakini nakumbuka pia michezo yetu. Tulikuwa na miaka 5, 6 au 7. Tulipanga makopo ya maziwa barabarani yakawa kizuizi, mmoja wetu akashika fimbo kama bunduki, na kila apitaye akaulizwa: wewe ni wa wapi, na baba yako ni wa wapi? Mtoto aliyejibu vibaya alilazwa chini. Tulijifunza kusoma pua, urefu na matamshi ya mtu kabla ya kujifunza kusoma kitabu. Hakuna mwalimu aliyetufundisha hayo. Aliyekuwa akituhesabu jioni hakuwepo, na nafasi yake ilichukuliwa na aliyetuuliza sisi ni wa nani.

Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema kwamba vijana wa makundi yale walizaliwa na roho mbaya. Kijana wa miaka 16 hutaka mahali pa kuhesabiwa. Kundi lilimhesabu. Vivyo hivyo kwa watoto waliobeba bunduki au mizigo ya wapiganaji: vita vilipokuwa vinakwisha, baada ya mwaka 2003, takriban watoto 3,000 waliondolewa katika jeshi na makundi ya waasi wakarudishwa kwao. Wengine walikuta nyumbani hakuna anayewajua.

Katikati ya moto huo lilikuwapo jambo moja ambalo wasaidizi wetu wageni wangefaa kulijua. Mwaka 1991 wamisionari Wasaveri walianzisha Kituo cha Vijana Kamenge, kwa ajili ya vijana wa miaka 16 hadi 30 wa mitaa 6 ya kaskazini: Buterere, Cibitoke, Gihosha, Kamenge, Kinama na Ngagara. Tazameni orodha hiyo. Ni mitaa ile ile iliyokuwa ikiuana. Kilikuwa na viwanja, maktaba, muziki na masomo ya lugha, na vita havikukifuta. Mwaka 2002 kilipewa tuzo ya Right Livelihood huko Sweden. Nilikwenda huko nikiwa kijana, kwa sababu ya vitabu na, niseme ukweli, kwa sababu ya mpira wa wavu. Tulikuwa tunachanganywa katika timu bila hotuba yoyote juu ya umoja. Nilichokithamini ni kwamba ukikosa mazoezi siku 2 kuna mtu aliuliza uko wapi. Kasoro yake, kwa maoni yangu, ni umri: moyo wa mtoto haungoji miaka 16.

Kisha ukaja mwaka 2015. Wengi wetu tulipita Kagunga, kijiji kidogo kando ya Ziwa Tanganyika kilichofurika watu na kipindupindu, tukapakiwa katika meli ya MV Liemba mpaka Kigoma. Sina haja ya kuwasimulia.

Nina kosa langu la kukiri. Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha kambini alikuwapo mvulana wa miaka 8 aliyekataa kukaa mbali na mlango. Nilimhamisha mara 3, mara 3 akarudi, mara ya nne nikamchapa. Hakulia, wala hakuja tena kwa wiki nzima. Shangazi yake ndiye aliyenieleza kwamba usiku waliovamiwa, waliokaa karibu na mlango ndio waliotoka. Nilikwenda kwao nikaomba radhi, kwake na kwa shangazi, na nikamwekea benchi mlangoni. Alikaa hapo mihula 2. Siku moja nilipogeuka kutoka ubaoni nilimkuta safu ya tatu, karibu na rafiki. Sikusema kitu.

Sasa familia zinapojiandikisha kurudi Burundi, au zinapohamishwa, mtoto hutoweka darasani kati ya Ijumaa na Jumatatu. Hakuna aliyeagwa. Wanaobaki hutazama nafasi iliyo wazi kwenye benchi na hawaulizi, kwa sababu wamejifunza kutouliza. Walimu nao hubadilishwa madarasa katikati ya muhula kwa sababu za hesabu za ofisini. Naomba mambo 2 tu, nayo hayana gharama: mwalimu aarifiwe angalau wiki moja kabla mwanafunzi hajaondoka, ili darasa limuage na apewe barua ya kumpelekea mwalimu wake mpya, na mwalimu wa madarasa ya chini asihamishwe kabla ya mwaka kwisha. Ombi hili nimelipeleka kwa mdomo mara 2. Hii ni mara ya tatu, na safari hii ni kwa maandishi.