Nani Atabeba Samadi?

Mwaka 1972 mji wa Tanga ulipata kiwanda cha mbolea. Kilijengwa na kampuni ya Klöckner ya Ujerumani Magharibi, kikawa cha pekee nchini, na kazi yake ilikuwa kuwatengenezea wakulima wa Tanzania mbolea za chumvichumvi kama SA, TSP na NPK. Karibu malighafi zote zilishushwa bandarini kutoka ng'ambo. Wakati huohuo, katika milima ya Usambara ndani ya mkoa huohuo, rutuba ilikuwa bado inatoka zizini kwenda shambani kwa njia ya zamani: ndani ya kapu, juu ya kichwa cha mwanamke.

Hesabu ya mizigo hiyo miwili inaeleza mengi. SA ina naitrojeni asilimia 21, kwa hiyo mfuko mmoja wa kilo 50 unabeba naitrojeni ya kilo 10 na ushei. Ili kuipata naitrojeni hiyo kwenye samadi mbichi ya ng'ombe, mkulima anahitaji tani 2 hivi. Maofisa ugani hushauri kiasi cha tani 10 kwa hekta, yaani tani 4 kwa ekari. Anayebeba kilo 20 kwa safari atakwenda na kurudi mara 200, na Usambara hakuna tambarare. Hata hivyo samadi ina jambo ambalo mfuko hauna: inaufanya udongo ushike maji na kulainika, ilhali SA ikitumiwa miaka mingi huuongezea udongo tindikali.

Ndiyo maana tangu enzi za wafalme hadi za wafadhili, kila mpango wa kurutubisha ardhi ya Tanga umekutana na maswali yaleyale. Mnyama analala wapi? Shamba liko mbali kiasi gani? Na nani atabeba?

Washambaa, wenyeji wa Usambara, walikuwa na jibu lao kabla ya mtu yeyote wa serikali kuuliza. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alipofika Usambara mwaka 1848, na tena mwaka 1852, alikuta ufalme wenye nguvu chini ya Kimweri ye Nyumbai, wenye makao makuu Vugha, na watu ambao chakula chao kikuu kilikuwa ndizi. Migomba ilizunguka nyumba. Mifugo ililala hapohapo nyumbani, na majivu, maganda, takataka za jikoni pamoja na mavi ya wanyama viliishia kwenye mashina ya migomba. Umbali ulikuwa hatua chache tu. Mahindi na maharage yaliyolimwa mbali yalitegemea kupumzishwa kwa ardhi, si samadi. Wachaga wa Kilimanjaro walikuwa na mpango unaofanana na huo katika vihamba vyao, yaani mashamba ya nyumbani: ng'ombe hakutoka nje, alikatiwa majani na kuletewa, naye akailipa migomba kwa kinyesi chake.

Wajerumani walipokuja waliiangalia misitu ya Usambara Mashariki wakadhani miti mikubwa ni ushahidi wa udongo mnono. Shamba la kahawa la Derema lilianzishwa mwaka 1891, na mengine yakafuata upesi. Miti ilikatwa, kahawa ikapandwa, na baada ya miaka michache ikaanza kudhoofika. Rutuba ya msitu ule ilikuwa katika majani yanayoanguka na kuoza juu ya ardhi. Udongo wenyewe chini yake ulikuwa wenye tindikali na uliooshwa na mvua. Hapakuwa na mifugo ya kutosha kuziba pengo. Taasisi ya utafiti ya Amani, iliyofunguliwa mwaka 1902 katika milima hiyohiyo, ilikuja kufanya utafiti wa udongo na mazao wakati wengi walikwisha kupata hasara.

Usambara Magharibi hali ilikuwa nyingine. Mwaka 1896 serikali ya Kijerumani ilianzisha kituo cha majaribio huko Kwai, si mbali na Lushoto, mji ambao wao waliuita Wilhelmstal. Walitaka kujua kama mlowezi angeweza kuishi milimani kwa kilimo cha mtindo wa Ulaya, chenye viazi, nafaka, mboga, ng'ombe na nguruwe. Mtindo huo ulisimama juu ya samadi, maana mkulima wa Ulaya wa siku hizo hakutenganisha banda na shamba. Nguruwe alianza kuonekana milimani kupitia mashamba ya walowezi na misheni, na baadaye akaingia katika nyua za wakulima Wakristo. Kule pwani, Tanga mjini na Pangani, ambako Uislamu ndio uliotawala maisha ya watu, nguruwe aliyejulikana alikuwa nguruwe mwitu, mharibifu wa mihogo na mahindi.

Pwani, zao lililotawala lilikuwa mkonge, na mkonge ulifanya kinyume kabisa cha mgomba. Mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliuleta mwaka 1893 kutoka Florida; kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa, 62 tu ndiyo iliyofika hai na kupandwa Kikogwe karibu na Pangani. Katika jani la mkonge, nyuzi ni kiasi cha asilimia 4. Zinazobaki, asilimia 96, ni maji na makapi, na kwa miaka mingi makapi hayo yalisukumwa kwa maji hadi mitaroni na mitoni badala ya kurudi shambani. Kituo cha utafiti cha Mlingano, kilichoanzishwa miaka ya 1930 kwa ajili ya mkonge, kiliacha kumbukumbu za vipimo vya udongo. Wataalamu waliporudia vipimo katika miaka ya 1990 na kuvilinganisha na vya zamani, walikuta mashamba yaliyolimwa mkonge mfululizo yameongezeka tindikali na kupungukiwa kalsiamu na potasiamu. Mwaka 1964, Tanzania ilipovuna tani zipatazo 230,000 za katani, yaani nyuzi za mkonge, nyuzi zilipanda meli na rutuba ya Tanga ikaenda mitoni pamoja na makapi.

Waingereza nao walikuwa na mpango wao. Mwaka 1946 walianzisha mradi wa kuokoa udongo katika bonde la Mlalo, kisha wakaupanua Usambara nzima. Amri kuu ilikuwa matuta: kila kaya ilime matuta ya kuzuia mmomonyoko, na asiyefanya hivyo apelekwe barazani na kutozwa faini. Kazi hiyo nzito iliwaangukia zaidi wanawake, ambao ndio waliolima chakula, na mavuno hayakuongezeka kiasi cha kuufidia mgongo uliouma. Watu wakagoma, hasira ikawa ya kisiasa, chama cha TANU kikapata wafuasi, na kabla ya muongo wa 1950 kwisha serikali ilikuwa imeyaacha matuta. Mradi ulizuia udongo usishuke, lakini haukumpa mkulima kitu cha kuutia nguvu.

Kiwanda cha mwaka 1972 kilionekana kuwa suluhisho: mfuko ni mwepesi, unafungwa kwenye baiskeli, unafika hata shamba la mbali. Kwa miaka kadhaa serikali iliuza mbolea kwa bei ya ruzuku. Lakini kiwanda kilichotegemea malighafi ya nje kilitegemea pia fedha za kigeni, na nchi ilipozikosa, mitambo ikadorora. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umesimama, na katika miaka hiyohiyo ruzuku ikaondolewa hatua kwa hatua. Bei ya mfuko ikapanda juu ya uwezo wa wakulima wengi.

Bahati nzuri, mambo mawili yalikuwa yamekwisha kuanza. Mwaka 1981 mradi wa Tanzania na Ujerumani uitwao SECAP ulianza Lushoto. Ulihimiza mistari ya miti na majani ya gwatemala kukingama na mteremko, na ng'ombe bora wafugwe ndani badala ya kuachwa vilimani. Tofauti na matuta, mstari wa gwatemala ulikuwa na faida iliyoonekana upesi: ulikatwa ukalishwa ng'ombe. Mwaka 1985 mradi mwingine, uliosaidiwa na Uholanzi, ukaanza kuwapa wafugaji wadogo wa Tanga mitamba ya maziwa. Kabla ya kukabidhiwa mnyama, mfugaji alitakiwa awe amejenga banda na kupanda majani. Baadaye alilipa deni kwa kutoa mtamba kwa mwingine. Chama cha ushirika cha wafugaji, TDCU, kilianzishwa mwaka 1993, na katikati ya muongo huo ikafuata kampuni ya maziwa ya Tanga Fresh.

Miradi hiyo ilizungumza zaidi juu ya maziwa, ila ng'ombe mmoja wa kisasa hutoa samadi kilo 20 na zaidi kwa siku, na sasa yote iliangukia sakafuni pamoja. Hakuna aliyelazimishwa kuizoa. Aliyetaka maziwa safi alilazimika kusafisha banda kila asubuhi, na alichokizoa kilihitaji pa kwenda. Bustani za mboga na migomba karibu na nyumba zilipata nguvu tena, na mashamba ya mbali yaliendelea kuambulia kidogo.

Kwa wafugaji wa nguruwe kazi ni ngumu zaidi. Nguruwe wa kunenepesha hutoa kilo 4 au 5 kwa siku, mkojo ukiwemo, lakini ni tope linalonuka kuliko kinyesi cha ng'ombe, na sehemu kubwa ya naitrojeni imo katika mkojo. Banda likiwa na sakafu ya udongo, mkojo unazama, na mwenye bustani amepoteza sehemu bora ya mbolea. Kwa hiyo mafundi humwaga sakafu ya zege yenye mteremko kidogo, na kuchimba mtaro nyuma unaoelekea shimoni. Kule shimoni hutupwa majani makavu ya migomba, maranda au pumba ili kunyonya tope. Lundo hupangwa tabaka kwa tabaka, hufunikwa kwa majani ya migomba lisinyeshewe, kisha fimbo ndefu huchomekwa hadi katikati. Baada ya siku chache fimbo huchomolewa na kushikwa: ikiwa ya moto, lundo linaiva, ikiwa ya baridi na kavu, linamwagiwa maji, ikitoka na harufu ya uozo, linageuzwa hewa iingie. Joto hilo huua mbegu za magugu na sehemu kubwa ya mayai ya minyoo.

Minyoo ina sehemu yake katika historia hii. Nguruwe anayezurura hula kinyesi cha watu, na kwa njia hiyo huambukizwa tegu, ambao humrudia mtu kupitia nyama isiyoiva vizuri. Homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo daktari wa mifugo R. Eustace Montgomery aliieleza kutoka Kenya mwaka 1921, haiambukizi watu, lakini inaweza kumaliza banda zima kwa siku chache, na haina tiba. Kumfungia nguruwe bandani na kujenga choo cha familia ni kinga dhidi ya tegu. Na kadiri anavyofungiwa, ndivyo samadi inavyokusanyika mahali pamoja na kudai mpango.

Mpango unaopunguza ubebaji kuliko yote ulipitia Arusha. Kituo cha CAMARTEC, kilichoanzishwa mwaka 1981, kilieneza mitambo ya biogesi ya kujengwa chini ya ardhi, na mwaka 2009 ukaanza mpango wa kitaifa wa biogesi za majumbani. Huko Hale, mkoani Tanga, kampuni ya mkonge ya Katani Limited ilijaribu jambo hilohilo kwa makapi ya mkonge, ikayageuza umeme. Katika mtambo wa nyumbani, kinyesi cha ng'ombe au cha nguruwe huchanganywa na maji na kumiminwa upande mmoja. Gesi hupanda bombani hadi jikoni, na tope lililochacha hutokea upande wa pili likiwa na naitrojeni yake karibu yote. Milimani, fundi mzoefu huuliza kwanza bustani iko upande gani wa nyumba. Banda na mtambo vikikaa juu ya bustani, mfereji mdogo hupeleka tope hadi kwenye migomba bila kapu wala toroli. Vikikaa chini, lazima mtu alipandishe kwa ndoo.