Kopo la Kahawa Mbele ya Sheria Mbili

Fundi wa Marekani akijiundia kisambaza mawimbi nyumbani, bila kutumia seti ya vipuri ya dukani, Sehemu ya 15 ya kanuni za FCC, tume ya mawasiliano ya nchi hiyo, haimdai cheti. Masharti ni mepesi: visizidi vitano, viwe vya matumizi yake, asiviuze. Akivuruga mawasiliano ya wengine, azime.

Sasa anunue ruta iliyokwisha kupimwa na kuidhinishwa, ang'oe antena yake, achomeke kopo la kahawa lenye kijiti cha shaba cha milimita 31 ndani, liwe antena mpya. Huyo ameshatoka nje ya idhini! Ruta na antena hupimwa pamoja. Antena mbadala lazima iwe ya aina ileile, isiyozidi ile ya awali kwa ukuzaji. Ndiyo maana ruta nyingi zina kiungio kilichogeuzwa: unapotarajia pini unakuta tundu. Kizuizi chenyewe ni cha kuchekesha, maana waya wa kuunganishia huuzwa kila mahali.

Ulaya hakuna hesabu ya vitano. Maagizo ya 2014/53/EU humsamehe mrushaji wa redio wa ridhaa anayejiundia mitambo ya majaribio. Mwingine, hata akiunda kimoja, kikianza kutumika kinadaiwa masharti yaleyale ya kiwandani. Huo naona ni ukali usio na sababu. Lakini kwa kopo letu Ulaya ina busara zaidi, kwa kuwa kikomo cha nguvu huhesabiwa kwa kinachotoka hewani: miliwati 100 kwenye gigahezi 2.4, antena ikiwemo. Kopo likikuza mara 16, punguza ruta hadi miliwati 6 hivi, na kikomo hujakivuka.

Leseni ya ridhaa hufungua milango pande zote mbili, ila kwa gharama. Marekani, masafa ya ridhaa hayaruhusu biashara wala ujumbe uliofumbwa ili maana yake isijulikane. Nani atafanya miamala ya benki humo?

Pengine ndiyo sababu guifi.net, mtandao wa jamii ulioanza 2004 huko Osona, Catalonia, ambako kampuni za simu zilichelewa kufikisha intaneti ya kasi, ulisimama juu ya ruta za kawaida za dukani na masafa yasiyohitaji leseni. Ubunifu wa wanavijiji ulikwenda kwenye mapaa, nguzo na makubaliano ya nani apitishe data ya nani.