Motokaa ya Waya na Kiti cha Bwana

Historia haikai katika ngome na makaburi ya wakubwa peke yake. Hukaa pia katika vitu vidogo ambavyo hutupwa jaani bila ya mtu kuvisikitikia. Kimojawapo ni motokaa ya waya, ambayo watoto wa Likoni, Kisauni na Changamwe, kama watoto wa pande nyingi za Afrika, wameiunda kwa vizazi kadhaa. Wengi wetu huiona kuwa mchezo tu. Walakini mtoto aundapo mfano mdogo wa gari la fahari hanakili tu. Hupunguza, huongeza, hubadili. Nia ya insha hii ni kuonyesha kwamba lile alilolibadili ndilo lenye habari kubwa zaidi.

Ili tuelewe badiliko hilo, yatupasa kwanza kujua fahari ya safari ilikuwa nini hapa Mombasa kabla ya motokaa. Mwaka 1890 Imperial British East Africa Company, kampuni ya Kiingereza iliyokuwa imepewa hati ya kutawala nchi hii, ilianza kutandaza reli nyembamba huku bara. Nafasi baina ya vyuma vyake viwili ilikuwa futi 2, yaani kama sentimita 61. Kazi ilikoma baada ya maili 7 hivi, na reli ile haikufika popote. Baadaye vyuma vyake viling'olewa, vikavushwa hadi kisiwani, vikawa njia ya vigari vidogo vilivyoitwa toroli. Toroli ilikuwa na kiti, na juu yake kipaa cha kuzuia jua. Haikuwa na injini, wala haikuvutwa na farasi. Ilisukumwa na watu. Maofisa na matajiri walikuwa na toroli zao wenyewe. Bwana aliketi kivulini, na wasukumaji walikimbia nyuma yake juani. Motokaa zilipozidi baada ya Vita Kuu vya kwanza, toroli zikatoweka.

Tazama mpango wa chombo kile: aketiye haendeshi, na aendeshaye haketi. Mpango huo haukutoweka pamoja na toroli. Ulihamia katika motokaa ya fahari ijulikanayo kwa jina la limuzini, neno linalotokana na Limousin, jimbo la Ufaransa. Katika limuzini za zamani, mwanzoni mwa karne ya 20, bwana alifungiwa ndani ya chumba chenye vioo na viti laini, na dereva aliachwa mbele, mara nyingi bila ukuta wa kumkinga na mvua. Baadaye dereva aliingizwa ndani, lakini kati yake na bwana pakawekwa kioo.

Limuzini mashuhuri kupita zote katika nusu ya pili ya karne ile huenda ikawa ni Mercedes-Benz 600, iliyoundwa Ujerumani tangu mwaka 1963 hata 1981. Ziliundwa 2,677 tu. Ile ndefu, iliyoitwa Pullman, ilikuwa na urefu wa mita 6.24. Vioo vyake vilipanda na kushuka, na viti vyake vilisogea, kwa nguvu ya mafuta yaliyosukumwa ndani ya mabomba membamba, bila kelele. Tito wa Yugoslavia alikuwa nayo, na Mao wa China pia. Hapa Afrika ya Mashariki jina la Mercedes-Benz lilipata heshima ya namna nyingine, nayo ilikuwa na uchungu ndani yake. Katika miaka ya 1960, uhuru ulipokuwa bado mchanga, watu waliunda neno Wabenzi, kama isemwavyo Wadigo au Wakamba, kana kwamba wenye magari yale walikuwa kabila lililozaliwa juzi. Neno lile lilikuwa dhihaka, lakini lilikuwa na swali ndani yake: je, bwana wa toroli ameondoka, au amebadili gari tu?

Sasa mtoto wa bara aliwezaje kulijua gari la fahari hata akaliunda? Jibu limo katika umbo la nchi yenyewe. Mombasa ni kisiwa, na kila gari liingialo au litokalo lina njia chache za kupita. Upande wa Kisauni, daraja la Nyali lilijengwa mwaka 1931, likielea juu ya maji. La saruji likashika nafasi yake mwaka 1980. Upande wa Changamwe hupitwa Makupa, ndiyo njia ya kwenda Nairobi. Upande wa kusini hakuna daraja la magari kivukoni. Tangu mwaka 1937 kuna feri ya Likoni. Na feri haijui cheo. Gari la thamani husubiri zamu yake, na chomboni husimama karibu na mkokoteni, baiskeli na mwenda kwa miguu. Gari likimbialo barabarani halisomeki. Gari lililosimama husomeka. Mwenye macho aweza kuhesabu vioo vyake, kupima kwa jicho urefu wa pua yake, na kuona ni nani ameshika usukani na ni nani ameketi nyuma.

Vifaa navyo havikuwa mbali. Changamwe ni mahali pa bandari, reli na viwanda. Kiwanda cha kusafisha mafuta kilianza kazi huko mwaka 1963, na katika miaka ya 1970 Mombasa ikapata kiwanda cha kuunganisha magari yaliyoletwa vipande vipande kutoka ng'ambo. Palipo na kazi za namna hiyo hapakosi waya uliotupwa, bati la makopo na mpira mkuukuu. Mtoto hukunja waya mnene kuwa msingi wa gari, kisha waya mwembamba kuwa mbavu, milango na paa. Magurudumu hukatwa katika soli za ndara, na vizibo vya soda huwekwa katikati yake ving'are.

Mwenye kutaka kuunda kwa hesabu hana budi kuchagua kipimo. Tuseme 1 kwa 20. Pullman ya mita 6.24 itakuwa na urefu wa sentimita 31.2. Umbali baina ya ekseli ya mbele na ya nyuma, ambao katika gari lenyewe ni mita 3.9, utakuwa sentimita 19.5. Akikosea kipimo hicho cha pili, hata akiupaka mfano wake rangi nyeusi na kuuwekea mapazia na bendera, hautakuwa limuzini. Utakuwa gari lolote.

Lakini kuna sehemu moja ambayo muundaji wa waya hukiuka kipimo kwa makusudi, nayo ni usukani. Huutoa ndani ya gari, akauunga na ekseli ya mbele kwa waya au ufito mrefu, akaupandisha hata ufike mikononi mwake. Kisha husimama nyuma ya gari, akalisukuma, akaliongoza kushoto na kulia. Hapo ndipo ilipo habari yetu. Mtoto huyu amesimama pale pale aliposimama msukuma toroli. Lakini njia sasa huichagua mwenyewe, kwa kuwa hakuna reli. Na kiti cha nyuma, kile kiti cha bwana, ki tupu.

Msomaji makini atasema: mtoto hakuwaza hayo yote, aliupandisha usukani kwa sababu yeye ni mkubwa na gari ni dogo. Ni hoja ya haki. Walakini tulinganishe. Mwaka 1964 kampuni ya Corgi ya Uingereza ilitoa mfano wa chuma wa Pullman hiyo hiyo, ukiwa na vifuta kioo vilivyokwenda huku na huku. Mtoto aliyeununua alipewa gari la kutazamwa na kusukumwa sakafuni. Hata yeye hakuweza kuingia ndani, lakini waundaji wake walichagua kumpa vifuta kioo, na muundaji wa waya akachagua kujipa usukani. Haja ilikuwa moja, majibu yakawa mawili. Na historia haiulizi tu watu waliwaza nini. Huuliza pia walichagua nini.

Siku hizi wako watu wazima wanunuao mifano ya magari ya zamani, wakaikata, wakaipaka rangi mpya na kuitia viti vingine. Ni kazi ya ustadi, nayo ina sharti moja ambalo ni sharti la mwanahistoria pia: aijue asili kabla ya kuigusa. Abadiliye bila kuijua asili amekosea tu. Abadiliye hali anaijua ametoa hoja.

Basi, mwanafunzi, ukikutana na motokaa ya waya kandokando ya njia ya Likoni au Kisauni, iokote kabla hewa ya bahari haijaila kwa kutu. Pima urefu wake na umbali wa ekseli zake. Andika imeundwa kwa vifaa gani, na vilitoka wapi. Kisha jiulize muundaji aliacha nini na aliongeza nini. Ukimaliza hayo, utakuwa umeanza kazi ile ile wanayoifanya wasomao nyaraka za wafalme, na huenda ukagundua kwamba aliyesukuma gari naye ameacha waraka wake.