Mraba Ulioitwa Joe

Wanafunzi wengi wa chuo kikuu huliogopa somo la kutunga programu kwa njia ya vitu, wakidhani ni la wajuzi tu. Historia yasema vingine. Njia hiyo ilianzia Oslo, ambako Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walitunga lugha ya Simula 67.

Katika miaka ya 1970, huko Palo Alto, Marekani, Adele Goldberg aliwafundisha watoto lugha ya Smalltalk. Hakuanza na kanuni, na nasadiki alifanya vema. Aliwaonyesha mraba kwenye kioo cha kompyuta, jina lake Joe. Ulipoamriwa kugeuka, uligeuka. Ulipoamriwa kukua, ulikua. Kutoka kiolezo kile kile ukatoka mraba mwingine, wenye jina lake, ukatii peke yake. Msichana mmoja wa miaka 12 alitunga programu ya kuchora, kisha akawafundisha wenziwe.