Maktaba ya Turgenev, Paris

Maktaba ya Turgenev ni maktaba ya lugha ya Kirusi iliyopo jijini Paris, Ufaransa. Ilianzishwa mwaka 1875 na mwanamapinduzi German Lopatin, kwa msaada wa mwandishi Ivan Turgenev, ili kuwahudumia wanafunzi na wakimbizi wa kisiasa kutoka Urusi. Fedha za awali zilichangwa katika hafla ya muziki na usomaji iliyofanyika nyumbani kwa mwimbaji Pauline Viardot. Turgenev alifariki dunia mwaka 1883, na baadaye maktaba ikapewa jina lake.

Baada ya Mapinduzi ya Urusi ya mwaka 1917, wakimbizi wengi wa Kirusi walihamia Paris, na wasomaji wakaongezeka. Hata hivyo, mwaka 1940 Wanazi waliokuwa wameiteka Paris walivichukua vitabu vyake vipatavyo 100,000. Vichache tu, vilivyotambuliwa kwa muhuri wa maktaba, ndivyo vilivyorejeshwa miongo kadhaa baadaye.

Maktaba ilifunguliwa upya mwaka 1959 kwa vitabu vilivyokusanywa upya, na imeendelea kuwaazimisha wasomaji vitabu vya Kirusi.