AVCHD: kuingiza video za kamera kwenye programu ya kuhariri

AVCHD ni mfumo wa kurekodi video ya ubora wa juu uliotangazwa mwaka 2006 na kampuni za Kijapani Sony na Panasonic kwa ajili ya kamera za mkononi. Picha hubanwa kwa kodeki ya H.264, na sauti kwa AC-3 au kwa PCM isiyobanwa. Toleo la 2.0 la mwaka 2011 liliongeza 1080p ya fremu 50 au 60 kwa sekunde.

Muundo wa kadi

Rekodi hukaa kwenye kadi ya kumbukumbu ya kamera, ndani ya folda zinazofuatana: PRIVATE, AVCHD, BDMV na STREAM. Humo ndimo zilimo faili kama 00000.MTS. Folda jirani za CLIPINF na PLAYLIST hubeba taarifa za kila shoti na mpangilio wake. Kadi zenye mfumo wa FAT32 hazipokei faili ya GB 4, kwa hiyo hotuba ndefu hukatwa vipande, na PLAYLIST ndiyo inayoonyesha kwamba vipande hivyo ni rekodi moja. Anayenakili faili za MTS peke yake huiacha taarifa hiyo kwenye kadi. Akija kuunga vipande kwa mkono, sauti huweza kuruka kwenye maungio.

Kutambua tatizo

MTS ni kontena tu, yaani kasha linalobeba picha na sauti. Kodeki zimo ndani yake. Programu ikikataa faili kabisa, kwanza ichunguzwe kontena. Picha ikionekana bila sauti, mara nyingi AC-3 ndiyo isiyosomeka. Video ikikwamakwama, kompyuta imelemewa na H.264, kwa kuwa fremu nyingi huhifadhi tofauti tu kati yake na fremu za jirani, nazo hazifunguki bila hizo.

Njia za kuingiza

Njia ya kwanza ni kunakili kadi nzima, folda zote, kisha kuiachia programu isome muundo wenyewe. Ikishindikana, hubadilishwa kontena kwa programu ya FFmpeg:

ffmpeg -i 00000.MTS -c:v copy -c:a pcm_s16le 00000.mov

Amri hii huhamisha picha bila kuzibana upya, hivyo ubora wake haupungui. Sauti hugeuzwa kuwa PCM. Kompyuta ikiendelea kulemewa, video hugeuzwa kwa kodeki ya ProRes au DNxHR. Faili huvimba mara kadhaa, lakini kila fremu hujitegemea na uhariri huwa mwepesi.

Kasi ya fremu

Kamera zilizotengenezwa kwa nchi za PAL, zikiwemo Tanzania na Kenya, kwa kawaida hurekodi 50i, yaani fremu 25 kwa sekunde, kila moja ikiwa na nusu-picha mbili. Mradi uwekwe kwenye fremu 25, nusu-picha ya juu ikitangulia. Vinginevyo mwendo hutetemeka.

Uhifadhi

Harusi au usimulizi wa mzee haurekodiwi mara ya pili. Kadi isifutwe mpaka nakala mbili kamili ziwe kwenye diski mbili tofauti, na shoti ndefu kuliko zote iwe imechezwa hadi mwisho ndani ya programu.